Naomba ushauri: natunza hesabu za tajiri, dhamiri inanisuta

Ndugu wanajamii, poleni na majukumu. Natunza hesabu za familia tajiri mno, na wiki iliyopita nililipia matengenezo ya bwawa ambalo hakuna aliyeliogelea mwaka mzima, ilhali nje ya geti lilelile mama mmoja huchota maji ya mtaroni kwa kopo lenye kutu ili amwogeshe mwanawe. Tangu Juni 2025 Benki ya Dunia huhesabu kuwa fukara kabisa anayeishi chini ya dola 3 kwa siku, nao ni zaidi ya watu milioni 800. Mimi hutoa sehemu ya kumi ya mshahara wangu. Mwajiri nilipomgusia jambo hili, alinyamaza. Je, kubaki kazini ni kushiriki dhuluma? Na aliyewahi kumshawishi tajiri atoe, alianzaje mazungumzo?