Majike hawaji joto baada ya kuachisha watoto: nichome prostaglandini?

mfugaji_Mityana

Ndugu wafugaji, habari za kazi. Naomba msaada kabla sijafungua chupa.

Nina majike wawili wa nguruwe, wote chotara wa Large White na Landrace. A ni uzao wa kwanza, watoto 11, walinyonya siku 42. Leo ni siku ya 12 tangu waachishwe na hajaonyesha joto, yaani dalili za kutaka dume. Uti wa mgongo na mifupa ya nyonga vinaonekana kwa macho. Alipokuwa akinyonyesha alikula kilo 3 kwa siku: pumba za mahindi, mukene (dagaa) kidogo na majani ya viazi. B ni uzao wa nne, mnene, leo siku ya 25 tangu kuachisha, naye kimya. Dume sina, natumia uhimilishaji. Joto nalipima kwa kubonyeza mgongo kila asubuhi.

Jambo jingine: mitamba wa miezi mitatu uke umevimba na kuwa mwekundu. Pumba za sasa zilinunuliwa mvua zikinyesha na zina harufu ya ukungu.

Duka la dawa wamesema nichome prostaglandini wote wawili, watakuja joto ndani ya siku 5. Ni sawa?

Daktari_Mifugo_Masaka

Usichome bado. Dawa hiyo ni homoni ambayo mji wa mimba pia huitoa wenyewe, na kwa kazi hii ina shabaha moja tu: kubomoa mwili wa njano, ule unaobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka na kutoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba. A kwa dalili zote hana mwili wa njano. Utachoma hewa.

Watoto wanaponyonya, ubongo wa mama unazuiwa kutoa GnRH, homoni inayoamuru uzazi, na bila GnRH tezi ya pituitari haitoi LH ya kutosha, homoni inayopevusha na kutoa yai. Folikuli, yaani vile vifuko vya maji vinavyolea yai, zipo nyingi, lakini zinaishia kwenye kipenyo cha milimita 2 hadi 4, zinakufa, nyingine zinashika nafasi. Watoto wakiondolewa, LH inaanza kutoka kwa mapigo ya karibu karibu. Kundi la folikuli 15 hadi 25 linatangulia, na zenyewe zinatoa homoni mbili, estrojeni (ndiyo inayoleta joto) na inhibini, zinazoshusha FSH, homoni inayokuza folikuli. Zile ndogo zilizobaki nyuma, zinazoitegemea FSH, zinakauka. Zilizotangulia zinafika milimita 7 au 8, estrojeni inapanda mpaka ubongo unafyatua wimbi kubwa la LH, na mayai yanatoka saa 40 hivi baadaye. Jike aliyelishwa vizuri anaonyesha haya yote siku ya 4 hadi ya 7.

Sasa mtazame A. Folikuli ambazo zingepevuka juma la kwanza baada ya kuachisha zilianza kukua akiwa bado ananyonyesha watoto 11 kwa kilo 3 za pumba. Mwili unaojitafuna una insulini kidogo na IGF-1 kidogo, homoni zinazoupa ubongo habari ya shibe, na ubongo unaendelea kuibana LH hata watoto wakiwa wameondoka. Uzao wa kwanza ndio unaoumia zaidi kwa sababu mama mwenyewe bado anakua. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake kwenye kunyonyesha, tegemea joto kuchelewa, na mayai yakitoka yatakuwa machache au dhaifu.

Kwa jike wa aina hii sindano inayoeleweka ni mchanganyiko wa homoni mbili, eCG yuniti 400 na hCG yuniti 200, dozi moja, nyuma ya sikio. Ya kwanza inafanya kazi hasa kama FSH, ya pili kama LH. Inafaa zaidi ikichomwa siku ya kuachisha au kesho yake, na joto huja siku 3 hadi 6 baadaye. Kwa A, mlishe kwanza siku 10, kilo 3 hadi 4 za chakula chenye protini ya kweli, ndipo achomwe kama bado yuko kimya. Homoni inasukuma folikuli iliyopo, haijengi mwili uliokonda.

B ni hesabu tofauti kabisa. Hebu jiulize: kama alikuja joto siku ya 5 nawe hukuliona? Mzunguko wa nguruwe ni siku 21, kwa hiyo 5 na 21 ni 26, yaani kesho. Bila dume, karibu nusu tu ya majike walio kwenye joto kamili ndio wanaosimama ukiwabonyeza mgongo. Na wewe unapima mara moja kwa siku. Mimi nadhani B hajawahi kunyamaza, ila hakuonekana.

Mchanganya_Chakula_Mukono

Naongezea kwenye pumba, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea.

Uke kuvimba kwa mitamba wa miezi mitatu ni dalili ya zearalenoni mpaka ithibitike vingine. Ni sumu ya ukungu wa Fusarium unaoota kwenye mahindi yenye unyevu, na umbo lake linafanana na estrojeni kiasi kwamba mwili unaipokea kama estrojeni. Kwa nguruwe, estrojeni ikiwa juu kwenye siku ya 11 au 12 ya mzunguko ndiyo habari ya kuwa kuna mimba. Ndivyo viinitete vyenyewe vinavyojitangaza. Jike mkubwa akila sumu hiyo siku hizo, mji wa mimba hautumi prostaglandini kwenye ovari, miili ya njano inabaki, projesteroni inabaki juu, naye anakaa majuma bila joto na bila mimba. Huyo ndiye ambaye prostaglandini ingemsaidia.

Ondoa hizo pumba leo, kwa wote. Kuzipika hakusaidii, sumu inahimili joto. Udongo wa bentonaiti unaouzwa kama kinga ya sumu unakamata aflatoksini vizuri, lakini zearalenoni unaiacha ipite, kwa hiyo usijifariji nao. Mitamba uke utapungua wenyewe ndani ya majuma machache. Wachunguze kama kuna anayetokwa na puru au uke. Huyo atibiwe upesi.

Na ile kilo 3: kanuni rahisi ni kilo 2 za mama, kisha nusu kilo kwa kila mtoto. Watoto 11 ni kilo 7.5, zigawe mara tatu, mlo mmoja uwe jioni kukiwa kumepoa. Maji lita 20 hadi 40 kwa siku, asiyekunywa hali. Pumba peke yake hazina laisini (kijenzi cha protini) ya kutosha, lazima soya au mukene safi usio na mchanga. Uzao ujao, watoto wakubwa watatu au wanne waondoe siku 3 kabla ya wenzao. Mnyonyo ukipungua LH inaanza kuamka mapema.

mfugaji_Mityana

Asanteni sana. Jirani ana dume, nimlete apite mbele ya banda? Na nitajuaje kilichomo kwenye ovari bila kumpasua?

Nguruwe_Kamuli

Dume la jirani usilete, na B usimpeleke. Homa ya nguruwe ya Afrika inasafiri kwa njia hiyo hiyo, na hata kitambaa kilichopakwa mate ya dume la watu kinaweza kuibeba. Tafuta dawa ya kupuliza yenye harufu ya dume, ile ya androstenoni. Puliza puani, subiri dakika moja, ndipo ubonyeze mgongo. Fanya hivyo asubuhi na jioni, muda wa saa 12 kati yake. Ukiamua kufuga dume lako, liwe na zaidi ya miezi 10. Dogo halina mate yenye harufu ya kutosha.

Daktari_Mifugo_Masaka

Ovari: daktari mwenye altrasaundi anaiona kupitia tumboni. Folikuli ni duara jeusi. Za milimita 7 maana yake joto liko mlangoni, zinazopita milimita 20 ni uvimbe wa maji. Kama mashine hakuna, damu ichukuliwe mara mbili, siku 10 kati yake, ipimwe projesteroni. Zote mbili chini ya nanogramu 1 kwa mililita: ovari imelala. Moja juu, moja chini: mzunguko unaendelea, tatizo ni macho. Zote mbili juu: miili ya njano imeganda, au ana mimba. Hakikisha hana mimba kabla ya prostaglandini, kwa sababu itaitoa.

Mwili wa njano wa nguruwe hauisikii prostaglandini mpaka ufikishe siku 12 hivi. Ukichoma siku ya 6 au ya 8 ya mzunguko hutaona kitu. Na ukimchoma eCG jike mwenye miili ya njano hai, projesteroni inazuia wimbi la LH, folikuli zinajaa bila kupasuka, na umejitengenezea uvimbe. Mjamzito au mwenye pumu asiishike chupa ya prostaglandini kabisa. Inapenya kwenye ngozi.

mfugaji_Mityana

Leo siku ya 26. B uke mwekundu, unateleza, hakumaliza chakula, lakini nikimbonyeza anakimbia.

Daktari_Mifugo_Masaka

Hiyo ni estrojeni inapanda. Usichome chochote. Mpime jioni na kesho asubuhi. Mara ya kwanza atakaposimama masikio yamesimama, andika saa. Mayai yanatoka joto likiwa limefika theluthi mbili ya muda wake, yai linaishi saa chache tu, mbegu karibu saa 24 ndani ya jike. Akisimama asubuhi, mhimilishe jioni na tena kesho yake asubuhi. Mbegu zikae nyuzi 16 hadi 18, sio kwenye friji ya nyama. Siku ya 21 baada ya hapo mpime tena kwa ile harufu.