Naomba ushauri: safari ya kriketi kutoka Lubumbashi hadi Zambia, na nusu ya timu haina pasipoti

Wiketi_Lushi:

Bandugu, jambo yenu. Mimi ni katibu wa timu ndogo ya kriketi hapa Lubumbashi. Najua kuna watakaocheka. Huu ni mji wa Mazembe na Lupopo, na ukipita na bati (lile gongo la kupigia mpira) begani watu wanakuuliza nyoka iko wapi. Lakini timu ipo. Ilianza na wenye maduka wa Kihindi na Kipakistani waliokuwa wanacheza Jumapili asubuhi. Walipokosa watu wa kufika 11 wakawaita vijana waliokuwa wanawaokotea mipira. Leo vijana hao ndio timu yenyewe. Mrushaji wetu wa kasi ni wa Katuba, mlinda wiketi (yule anayedaka nyuma ya mpigaji) anatengeneza simu kule Kenya (komini ya hapa mjini, siyo nchi).

Sasa wazee wanataka safari ya kiangazi, kama zile za kilabu za Uingereza: wiki nzima, Kitwe, Ndola, halafu Lusaka. Mmoja anavuta mpaka Harare. Wanapenda Agosti, na wanasema kila mtu ajilipie. Hapo ndipo ninapokwama. Tuko 16, na karibu nusu hawana pasipoti wala pesa ya kuitafuta, na hao ndio wanaotushindia mechi. Papa mmoja mwenye duka kubwa amejitolea kuwalipia wote, kwa sharti kwamba achague yeye nani anakwenda. Kapteni amekataa katakata. Wengine wanasema tuwachukue wenye uwezo, nafasi zitakazobaki tujaze mashemeji.

Na jambo lingine: sisi tunacheza na mpira wa tenisi uliofungwa tepu. Wenyeji watatoa mpira wa ngozi.

Nani alipe? Twende mbali kiasi gani? Vijana tuwaandae namna gani? Aliyewahi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa na kundi aniambie ukweli, asinipambie.

Mama_Kasumba:

Mwanangu, kriketi siijui, mpaka naujua. Kijana asidanganywe kwamba atapita na ile karatasi ya kuvukia ya sisi wachuuzi. Hiyo ni ya kwenda hapo karibu na kurudi, siyo ya kulala Lusaka. Pasipoti, basi. Pamoja nayo kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo inahesabiwa kuanzia siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechomwa Ijumaa ili asafiri Jumatatu ameumia bure. Mwenye kadi ya zamani asiitupe, tangu 2016 inahesabiwa ya maisha yote.

Wageni wenu waangalie kama viza yao ya Congo inawaruhusu kurudi. Nimemwona mtu amekalia begi lake upande wa pili, duka liko Lubumbashi, yeye kazi yake ni kupiga simu tu. Aliye chini ya miaka 18 abebe ruhusa ya wazazi yenye muhuri. Na viza ya Zambia usiulizie mtandaoni, hata kwangu. Konsula yao iko humo humo mjini kwenu. Nenda na orodha ya majina na uraia wa kila mmoja, maana Mkongomani, Mhindi na Mpakistani hawaulizwi kitu kimoja.

Halafu hizo bati. Gunia zima la bati, machoni pa mtu wa duane (forodha) ni biashara. Andikeni orodha ya kila kitu, igongwe muhuri wakati wa kutoka, ili wakati wa kurudi msiambiwe mmeagiza mali. Fikeni alfajiri. Foleni ya malori isiwatishe, hiyo ni ya mizigo.

Kitwe_Mkongo:

Yaya katibu, mimi mtoto wa Ruashi, naishi Kitwe. Mama Kasumba amesema kweli yote, mimi naongeza tarehe. Agosti wacheni. Tarehe 13 Agosti 2026 huku ni uchaguzi mkuu. Wiki zile barabara zinajaa misafara ya kampeni na hakuna mtu wa kilabu atakayekuwa na akili ya mpira. Angalieni mwanzo wa Julai: Jumatatu na Jumanne ya kwanza ni sikukuu za Mashujaa na Umoja. Mwaka huu ukichanganya na wikendi unapata siku nne, tarehe 4 mpaka 7. Wachezaji wa huku watakuwa nyumbani, na kwenu shule zinakuwa zimefungwa.

Wekeni akiba ya siku moja na ya pesa ya kulala. Agosti 2024 Zambia iliufunga mpaka huu siku kadhaa juu ya ugomvi wa soda na bia, na hakuna aliyeambiwa mapema.

Kuhusu umbali: kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90, halafu Chililabombwe, Chingola, Kitwe. Hiyo ni safari ya siku moja hata mpaka ukiwachelewesha. Ndola ni saa moja tu mbele. Lusaka ni jambo lingine: kutoka Ndola ni zaidi ya kilomita 300, barabara inapanuliwa, vumbi na mchepuko kila mahali, na usiku msithubutu. Harare sitaijadili. Dereva wenu akumbuke huku tunapita kushoto, na gari liwe na bima ya COMESA, ile ya kuvukia mipaka. Hiyo nayo watu wanaiita carte jaune (kadi ya njano) kama ile ya chanjo, bebeni zote mbili.

Kilabu za michezo za huku Copperbelt nyingi zilijengwa na migodi, ndiyo maana unakuta miji ya shaba ina viwanja vya kriketi. Andikieni kilabu moja kwa moja, sasa hivi. Semeni tarehe, idadi ya watu, na kiwango chenu bila kujisifu. Mkijisifu watawapangia timu yao ya kwanza, na saa tano asubuhi mtakuwa mmeshatolewa wote mnakunywa chai.

Ova_ya_Sita:

Nawasalimu kutoka Nairobi, Kenya (nchi, siyo komini). Nimecheza kriketi ya kilabu miaka mingi, na katika habari yako kinachonitia wasiwasi kuliko pasipoti ni ule mpira wa tepu.

Mpira wa ngozi una karibu gramu 160 na ni mgumu kama jiwe. Kijana aliyezoea tepu ana tabia mbili zitakazomuumiza. Anaudaka kwa mikono migumu, vidole vikiuelekea mpira, na anaruka mbele kuupiga bila kuogopa kifua wala uso. Anzeni na kudaka tu, wiki kadhaa, kabla hamjampa mtu bati. Mikono irudi nyuma pamoja na mpira. Vidole vilivyovunjika mazoezini vinaua safari nyingi kuliko viza.

Vifaa: pedi na glovu mnaweza kupokezana, wapigaji ni wawili tu uwanjani. Helmeti mbili zinazokaa vizuri zinatosha kuanzia, na mlinda wiketi awe na yake. Ile kinga ya sehemu za siri kila mtu ajinunulie, tafadhali, hii haina ushirika. Wahindi wenu wakienda nyumbani likizo waagizieni bati za Meerut au Jalandhar. Chukueni za mti wa Kashmir, ni nafuu na zinavumilia. Bati jipya lipakeni mafuta ya kitani na kuligongagonga kwa nyundo ya mbao kabla halijakutana na mpira mpya, la sivyo litapasuka siku ya kwanza.

Waulizeni wenyeji kama pichi yao (ule ukanda wa katikati anakosimama mpigaji) ni ya nyasi au ni mkeka juu ya saruji. Kwenye mkeka mpira unaruka juu zaidi, na viatu vya misumari vinauchana mkeka, mtachukiwa. Urefu ni ule ule, mita 20.12. Pimeni wa kwenu kwa futi ya kamba, maana timu nyingi za mtaani zinapima kwa hatua na zinapunja.

Ratiba: Julai jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ova 30 kila upande (ova moja ni mirusho sita), mkianza saa tatu na nusu, mtamaliza bila kuchungulia mpira gizani. Mechi ya ova 20 ni nzuri kwa siku ya kufika. Mbili kwa siku moja msikubali, warushaji wenu watakuwa wanachechemea mpaka Chingola.

Na msijione wadogo. Kombe la Dunia la kwanza, 1975, timu ya Afrika Mashariki ilichanganya watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, karibu wote wachezaji wa wikendi. Walipoteza mechi zote tatu. Sisi huku bado tunawataja.

Mzee_Kampemba:

Mimi sioni haja. Vijana wa Katuba hawana kazi, nyinyi mnawatafutia pasipoti wakapige mpira Zambia? Pesa hiyo wafungulieni kibanda.

Wiketi_Lushi:

Papa Kampemba, nimekusikia, shikamoo. Lakini hakuna aliyetoa pesa ya kibanda. Imetolewa ya kriketi. Na pasipoti haifi mechi ikiisha. Fundi wetu wa simu amekuwa akiagiza vioo kwa watu wanaovuka, akiipata atavuka mwenyewe.

Duka_la_Kona:

Niruhusuni nimtetee huyo mwenye duka, maana mnamsema kama mwizi. Anayetoa pesa ana haki ya kujua inakwenda kwa nani. Kijana akivuka asirudi, ni nani ataitwa kuulizwa? Siyo kapteni.

Ova_ya_Sita:

Kujua, ndiyo. Kuchagua mrushaji, hapana. Siku ya pili atachagua na atakayerusha ova ya mwisho.

Dada_Kikirimba:

Katibu, naona mnatafuta mbali. Hapa Lubumbashi kila soko lina kikirimba (kuchanga pesa na kupokea kwa zamu), nyinyi mnashindwa nini? Kuanzia mwezi huu wote 16 watoe kiasi kile kile, kidogo, ambacho hata mtengeneza simu anakiweza. Wasio na pasipoti ndio wapokee mizunguko ya kwanza. Wenye maduka wapokee mwisho, au wasipokee kabisa kama wana moyo. Hivyo kijana hajasaidiwa na mtu. Amepokea zamu yake, na ataendelea kutoa akisharudi. Huyo papa naye pesa yake iingie kwenye gari, bima na chakula, vitu ambavyo haviwezi kuchagua majina. Hofu ya Duka_la_Kona muijibu kwa karatasi: kila kijana aje na mzazi au mkubwa wake, asaini mbele ya kamati. Kapteni apange timu, abandike orodha wiki tatu kabla.

Nasema hivi nikiwa mwekahazina wa wanawake wa soko. Pesa inayotolewa na mtu mmoja ina kelele. Na msimpe kapteni daftari la fedha. Apange wachezaji tu.

Duka_la_Kona:

Kwa mzazi kusaini nimekubali. Nilikuwa nataka hilo tu.

Kitwe_Mkongo:

Kikirimba inataka miezi, na pasipoti inataka yake. Ndiyo maana nasema Lusaka muiache mwaka huu. Kitwe mechi mbili, Ndola moja, wote mkaja, ni bora kuliko Lusaka na mashemeji. Vijana wa Lubumbashi wengi wanasikia Kibemba, watakuwa nyumbani. Wazee wenu ndio watakaohitaji mkalimani.

Wiketi_Lushi:

Aksanti sana, bandugu. Jana usiku nilikaa na kapteni na wazee. Kikirimba imepita, mzunguko wa kwanza ni wa mrushaji wa Katuba. Papa mwenye duka alinuna kidogo, halafu akasema atatoa gari na dereva wake, na kwamba dereva huyo amewahi kufika Ndola. Kwa uso wake naona atataka kukaa kiti cha mbele, tutamwachia. Lusaka imeondoka, Harare haikutajwa tena. Tumelenga tarehe 4 Julai. Kesho naenda konsula na orodha. Mpira wa ngozi tumeuanza Jumapili, na kidole kimoja kimeshavimba: cha kwangu.

Ova_ya_Sita:

Pole. Funga pamoja na cha jirani yake kwa tepu, mnayo ya kutosha. Na swali la mwisho: mna mtu wa kuandika mbio (pointi za mechi)? Timu ya wageni huja na mwandishi wake, na mwamuzi mmoja ikiwezekana. Msipokuja naye mtahesabiwa na wenyeji, na hamtakuwa na la kusema.

Wiketi_Lushi:

Yupo. Binti wa mmoja wa wazee, anaandika kitabu cha mbio tangu akiwa shule ya msingi na hajawahi kukosea ova. Pasipoti anayo.