Naomba ushauri: ratiba ya wiki kusi likiisha na vuli ikikaribia

Asalaam aleikum dada zangu na mama zetu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, limeshalegea, bahari inatulia, na vuli iko njiani. Ratiba yangu ya kazi za nyumbani ya miezi ya upepo haifai tena.

Wakati wa kusi nikianika nguo darini asubuhi, adhuhuri zimekauka, kwa hiyo nilifua siku yoyote. Sasa mvua itakuja bila hodi, na nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe, kuta nene zinazokunywa unyevu. Mwaka jana kanzu zilizokunjwa kabatini zilitoka madoa ya koga shingoni, na kuzifukiza udi hakukusaidia kitu. Nyinyi mnafua lini, na mnaanika wapi mvua ikishika?

Jingine ni achari. Naipenda ya embe bichi lililokaushwa kwa jua hasa. Vipande vikikosa jua siku ya kwanza huanza kuteleza, na hapo hata siki ukimimina chupa nzima ni kazi bure. Nianike embe za mwanzo, au nisubiri kaskazi, upepo wa kiangazi, ishike?

Samaki si shida, bahari ikitulia watapatikana. Ijumaa pia msiniguse: ni pilau na wageni wa mume, haina mjadala.

Ila watoto wakifunga muhula wa tatu watakuwa nyumbani mpaka Januari, ukitoa saa za madrasa. Wenye watoto wengi, kazi nzito mnazipanga kabla hawajaamka au wakiwa madrasa?