Naomba ushauri: Familia ya dada yangu kurekodiwa kwa televisheni
Wapendwa, watayarishaji wa kipindi cha maisha halisi wanataka kuirekodi familia ya dada yangu, muuza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, na mumewe, fundi wa mjengo. Nina shaka kwa sababu mkataba unawapa wao pekee mamlaka ya kuhariri, na mhariri anayetafuta ugomvi hutupa saa nyingi za kazi na malezi akabakiza dakika za kelele. Familia ya Wilkins ya Reading, Uingereza, ya dereva wa basi, iliporekodiwa na BBC mwaka 1974, ilishambuliwa sana kwa maneno (na hata intaneti haikuwapo). Zaidi ya ridhaa ya mzazi kuhusu watoto, inayotajwa katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, tudai masharti gani kabla hawajatia sahihi?