Ukoko wa kijivu usiotoka ndani ya mtutu wa bastola

Swali, kutoka Tabata
Ndugu wanajamvi, ninamiliki kihalali bastola ya milimita 9. Nimesugua mtutu kwa brashi na mafuta ya taa, masizi ya baruti yakatoka, lakini karibu na chemba (nafasi inapokaa risasi kabla ya kufyatuliwa) umebaki ukoko wa kijivu uliong'ang'ania mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Niutoeje bila kuharibu chuma?

Jibu, kutoka Kigamboni
Ndugu, kwanza chomoa magazini, uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, ndipo uifungue bastola. Ukoko wa kijivu mahali hapo kwa kawaida ni ledi, yaani metali ya risasi, hasa kama unatumia risasi ambazo vichwa vyake havikuvikwa shaba. Mafuta ya taa hulainisha masizi, hayayeyushi metali. Zungushia nyuzi za shaba halisi kwenye brashi kuukuu, lowanisha mtutu kwa kiyeyushi cha kusafishia silaha, subiri dakika chache, kisha sukuma brashi kutoka chemba kuelekea mdomo wa mtutu. Usiguse msasa wala stilwaya ya jikoni.

Jibu, kutoka Upanga
Nakusihi pia usichanganye siki na haidrojeni peroksaidi, ingawa wapo wanaoshauri hivyo, kwa sababu mchanganyiko huo huigeuza ledi kuwa chumvi ya sumu inayoweza kupenya ngozini. Vaa glavu, fungua madirisha, watoto wakae mbali.

Jibu, kutoka Kunduchi
Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu au kijani, hiyo ni shaba, nayo huhitaji kiyeyushi chenye amonia, ambacho hakipaswi kulala ndani ya mtutu. Kwa hewa yetu ya chumvi, paka mafuta mepesi siku hiyohiyo.