Naomba ushauri: nataka kushuka Mto Kongo peke yangu, Kisangani hadi Kinshasa

Wakuu, habari zenu. Niko Mwanza, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Tangu mwaka jana naweka akiba ya safari moja tu: kupanda boti Kisangani na kushuka na mto katikati ya msitu, kupitia Bumba, Lisala na Mbandaka mpaka Kinshasa. Ni kama kilometa 1,700. Nitakuwa mwenyewe na begi la mgongoni.

Chanjo ya homa ya manjano nimeshachoma, kadi ninayo. Chandarua pia.

Kinachoninyima usingizi ni boti yenyewe. Ziwa nalijua, lakini huku kwetu kuzama kwa meli ya MV Bukoba 1996 hakujasahaulika, na mama kila nikitaja safari anaacha kupepeta mchele, ungo mkononi, ananitazama tu. Kule abiria hulala juu ya mizigo, na maji yakipungua chombo hukwama kwenye mchanga, siku zikageuka wiki. Laifu jaketi nitabeba yangu, kwa hilo sibishani na mtu.

Mliowahi kupita huko: tishari la kusukumwa na mashua ndefu ya mbao, kipi afadhali kwa usalama? Dagaa wa kukaanga ninao, ila maji je, vidonge vya kusafishia vinatosha au nibebe na jiko dogo la kuchemshia? Pesa mnaficha wapi mkilala? Na Kiswahili kinanifikisha wapi kabla Kilingala hakijashika? Hata maneno kumi ya Kilingala mkiniandikia hapa, nitayakariri yote.