Nimeuziwa mashine ya randa isiyonyoosha ubao, na sasa duka linakataa kuipokea

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Jambo hili nimelikalia kwa majuma matatu nikidhani litamalizwa kwa maneno ya kiungwana, lakini naona duka limeamua kwamba mimi ni mtu wa kuzungushwa. Mimi si fundi wa biashara. Ni mwajiriwa ambaye siku za mapumziko hutengeneza samani za nyumbani kwake chini ya banda la gari hapa Dar es Salaam, na kazi iliyo mbele yangu sasa ni meza ya chakula ya mninga ambayo mama watoto ameisubiri tangu mwaka jana. Kwa miaka mingi nimekuwa nikibeba mbao zangu hadi Keko, nikipanga foleni nyuma ya mafundi wenye oda zao, na zaidi ya mara moja nimerudishiwa ubao wa inchi moja na nusu ukiwa umebaki inchi moja, kwa sababu kijana wa mashine alikuwa na haraka. Ndipo nikaamua kununua mashine yangu ya kazi mbili, ile ambayo juu ina meza ya kunyooshea uso wa ubao na chini ina rola za kuupitisha ili utoke na unene mmoja, ambayo wauzaji huiita plena thikinesa.

Nilipouliza humu ninunue ipi, majibu karibu yote yalikuwa ya aina moja: chukua yenye upana mkubwa na nguvu nyingi, nyingine zote ni mbwembwe. Hamkuwa na nia mbaya, najua, lakini ushauri huo umechangia hasara yangu, na nitaeleza kwa nini.

Dukani nilimweleza muuzaji waziwazi kwamba ninafanya kazi na mbao ngumu, mninga na mvule, kwamba mbao zangu zina urefu wa futi sita na saba, na kwamba haja yangu ya kwanza ni kunyoosha. Akaniambia, "Mzee wangu, hii ni HP 4, inakula hata chuma." Stika ya HP 4 kweli ilikuwepo ubavuni, nyekundu, kubwa kama kiganja. Nikaomba tuiwashe nipitishe kipande kimoja tu cha ubao. Akasema ikishawashwa haiwi mpya tena. Nikalipa shilingi 1,450,000, nikapewa risiti ya EFD, nikakodi kirikuu kurudi nyumbani.

Stika ilikuwa uongo wa kwanza. Kwenye kibati kidogo kilichopigwa ribiti nyuma ya mota imeandikwa wati 1,500. Nguvu ya farasi moja, yaani HP 1, ni wati 746, kwa hiyo ninayo mashine ya farasi wawili, tena hao wawili ni wa umeme unaoingia, si wa kazi inayofika kwenye visu. Ningeweza kusamehe hilo, kwa kuwa mota ndogo inavumilika ukiwa mvumilivu: badala ya kukwangua milimita tatu kwa mara moja kama kitabu cha maelekezo kinavyojisifu, kwa mninga wa inchi nane ninakwangua nusu milimita, ninarudia, na kazi inakwenda. Kelele zake ni habari nyingine. Hii ni mota ya kaboni, si ile nzito inayovuma taratibu, na jirani yangu mwenye mtoto mchanga ameshanitumia ujumbe mara mbili.

Kinachonichoma ni meza ya juu. Nilipopitisha ubao wa kwanza chini, kwenye rola, ulitoka laini kabisa, unang'aa, na rangi ya mninga ikajitokeza kama asali. Nikaulaza kwenye sakafu ya vigae, na kiberiti kikapita chini ya kifua chake bila kugusa. Ubao ulikuwa umepinda vilevile kama ulivyoingia. Hapo nikaelewa jambo ambalo hakuna aliyenieleza, dukani wala humu: rola huukandamiza ubao uliopinda ukanyooka kwa muda huo tu unapopita kwenye visu, na ukishatoka unarudi ulivyokuwa, ila sasa una unene mmoja. Anayenyoosha ni meza ya juu. Usipopata kwanza uso mmoja ulionyooka huko juu, kazi ya chini ni kupamba kosa.

Nikahamia juu. Meza zote mbili, ya kuingizia na ya kupokelea, ni za aluminiamu nyepesi, na zikiunganishwa hazifiki hata mita moja. Mafundi waliobobea wananiambia kwamba meza hunyoosha kwa uhakika ubao usiozidi takribani mara mbili ya urefu wake, kwa hiyo futi saba tayari zilikuwa za kubahatisha. Ubaya zaidi, meza hizo haziko usawa mmoja. Niliweka rula ya chuma juu ya zote mbili, na kwenye ncha ya meza ya kupokelea kadi ya benki ikapita chini ya rula bila kusukumwa. Ncha imeinama. Niliranda hapo kingo za mbao mbili, nikazisimamisha moja juu ya nyingine kabla ya kutia gundi, na mwanga wa jua ukapenya katikati yake kama mlango ulioachwa wazi. Nikatafuta skrubu ya kurekebisha, hakuna. Meza imefungwa kwa bawaba ili ifunuliwe unapohamia kazi ya chini, na kila nikiifunua na kuirudisha inakaa tofauti kidogo na ilivyokaa awali.

Visu navyo viko viwili, na baada ya mbao chache za mvule vimekuwa butu, jambo ambalo silishangai kwa sababu mvule huwa na vijiwe ndani yake. Ninachoshangaa ni kwamba duka hilohilo halina visu vya akiba, na urefu wake haulingani na vya mashine nyingine yoyote niliyoulizia kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani.

Nilirudi na picha za kibati, rula na ile kadi. Yuleyule aliyesema inakula chuma akanijibu kwamba hii ni mashine ya mbao laini na kwamba nilipaswa kuuliza. Nilipomkumbusha kwamba niliuliza, akanionyesha mstari chini ya risiti: mali ikiuzwa hairudi. Kwa haki, paini ya Sao Hill fupi fupi inaipitisha vizuri, na mwenye kazi ya fremu za picha huenda asione tatizo lolote. Lakini mimi sikusema fremu za picha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtambua mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kuutegemea utaalamu wake, na malalamiko ya mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Barua nimeshaiandika. Jumatatu ninaipeleka mashine dukani pamoja na ule ubao uliopinda, nitaulaza sakafuni mbele ya wateja wengine, na wakikataa tena barua inaondoka siku hiyohiyo.

Kwenu nina maombi mawili. Mwenye mashine ndogo ya aina hii, ya upana wa milimita 254, tafadhali aweke rula ya chuma juu ya meza zake mbili na aandike hapa alichokiona, pamoja na wati zilizo kwenye kibati, si kwenye stika. Na anayejua fundi wa kuaminika wa kunoa visu vya randa, anayevirudisha vikiwa na upana sawa pande zote, anielekeze, kwa sababu wa kwanza niliyempelekea amenirudishia visu vinavyoitetemesha mashine mpaka maranda yanaruka hadi dirishani.